Gari la Rangi ya Komamanga

Mume wangu Muhidin alitaka kitu kimoja tu duniani: atajwe. Hakutaka mali wala ukubwa. Alitaka mtu asimame kando ya barabara, aone gari linameta, aulize ni kazi ya nani, na mtu wa pili amjibu, "Hiyo ni kazi ya Muhidin wa Majengo." Basi. Nilipoolewa naye, shangazi zangu walinipongeza kwamba nimepata mume asiye na makuu. Hawakuwahi kula naye chakula cha jioni, wala kumsikia akieleza habari za madigadi tangu sinia lilipotengwa mpaka nilipoliondoa.

Alikuwa akifanya kazi katika karakana ya Wahindi hapa Nairobi, upande wa River Road. Magari ya mabwana yakipauka kwa jua na vumbi, yeye ndiye aliyeyarudishia rangi. Aliyasugua kwa msasa uliolowekwa maji, kisha kwa dawa iliyokuwa laini kama unga wa muhogo, kisha kwa nta na kitambaa cha flana, duara ndogo ndogo, kutwa nzima. Mwenye gari alipokuja kulichukua, msimamizi alitoka mbele amevaa tai akapokea shukrani. Muhidin alikuwa nyuma, anasuuza vitambaa. Jioni alinisimulia shukrani hizo neno kwa neno, kama mtu anayesoma barua iliyoandikiwa jirani.

Alikuwa na mtindo wake ambao watu waliucheka. Viganja vyake vilikuwa vimekuwa vigumu kama gome, havikuweza tena kumwambia kama rangi imelainika. Basi alitumia shavu. Aliinama, akafumba macho, akalaza shavu lake juu ya boneti, akalitelezesha polepole mpaka mwisho. Likikwaruza popote, alianza upya. Nilimwambia siku moja kwamba mimi pia nina shavu, na halijapata kupimwa kwa makini namna ile. Alicheka, lakini hakujirekebisha.

Siku ilifika uvumilivu ukamwishia. Mzungu mmoja alikuwa akimshukuru msimamizi kwa gari lililokuwa liking'aa mpaka linaumiza macho. Muhidin akatoka nyuma, mikono inachuruzika maji, akasema kwa adabu kwamba kazi ile ni yake. Mzungu alicheka. Msimamizi hakucheka. Kabla ya adhuhuri mume wangu alikuwa nyumbani Majengo, amekaa barazani, akiwa na flana zake ndani ya kikapu na jina lake bado mdomoni mwake mwenyewe.

Wakati huo ulikuwa wa Hali ya Hatari, Waingereza wakiwasaka Mau Mau. Msako mkubwa ulikuwa umekwisha kupita, mitaa mizima ikabaki na vyumba vitupu, na barabara zote za upande wetu zilikuwa na vizuizi vya askari. Kuanzisha biashara ya kung'arisha magari Majengo, mahali ambapo mwenye baiskeli alihesabiwa kuwa mtu mzito, lilikuwa wazo la mwendawazimu. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba anahitaji gari moja tu. Likishapita barabarani, litamsemea.

Gari hilo lililetwa na Mzee Wehliye, Msomali wa Islii, mfanyabiashara wa mbuzi, rafiki yake wa msikitini. Alikuwa amelinunua kwenye mnada wa mzungu mmoja huko Ruiru, gari la Kimarekani la zamani za kabla ya vita, lisilo na paa ila turubai, na magurudumu yenye njiti za mbao kama ya mkokoteni. Kuku walikuwa wakilala ndani yake. Mtu fulani alilipaka rangi ya kijani ya malori kwa burashi ya nyumba, na michirizi ya burashi bado ilionekana. Injini ilikuwa nzima, na Wehliye hakutaka zaidi, lakini mkewe Kaha alikuwa ameapa kwamba hatapanda kibanda cha kuku kwenda harusini kwa watu.

"Lipake jeusi, yaishe," Wehliye alimwambia.

Muhidin alikuwa amekwisha kuchuchumaa kando ya gari. Alichukua kipande cha msasa, akakilowesha, akasugua mahali pamoja karibu na mlango, mahali padogo kama kitumbua. Kijani kikaondoka. Chini yake pakatokea wekundu mzito, wa ndani, kama punje za komamanga lililopasuliwa. Alilaza shavu pale. Alipoinuka macho yake yalikuwa yamejaa maji, na mimi nikajua kwamba chakula cha jioni kitachelewa kwa miezi.

Na kweli kilichelewa. Alilichubua gari lile nyuma ya nyumba yetu taratibu, maana kijani kilitakiwa kiondoke na komamanga libaki, na kati yao hapakuwa na unene hata wa ganda la kitunguu. Rafiki yake Okumu, aliyekaa Kaloleni na kufanya kazi ya kupaka mabehewa ya reli, alikuja Jumapili akamwonyesha jinsi ya kuziba palipotoboka kwa rangi iliyochanganywa mpaka macho hayajui mshono uko wapi. Wawili hao walibishana juu ya nta kama wanaume wengine wanavyobishana juu ya mirathi. Bodi ilipokwisha, Muhidin akainua boneti akaanza kung'arisha upande wake wa ndani.

Nikamuuliza nani atakayeona huko.

"Mimi," akasema.

Siku aliyomaliza, nusu ya Majengo ilisimama uani kwetu. Wanawake walijitazama kwenye milango wakijifunga leso. Mimi nilijiona mzima, na kipini changu cha puani, na nyuma yangu mume wangu aliyekonda, anatabasamu kama bwana harusi. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile, na sitaona haya kusema kwamba mimi pia nililia kidogo. Wehliye alizunguka gari mara kadhaa bila kuligusa, akaomba ruhusa ya kupanda kitu alichokinunua mwenyewe. Muhidin alimpa sharti moja: mtu yeyote akiuliza ni kazi ya nani, amtaje.

"Wallahi nitakutaja," Wehliye akasema, "hata kwa asiyeuliza."

Basi gari likaondoka, na Muhidin akavaa kanzu safi, akakaa barazani kusubiri wateja. Alisubiri mpaka wiki zikapita. Kila gari lililopunguza mwendo alinyanyuka, kumbe limekwepa shimo. Nikaanza kushona kofia usiku na mchana ili tule, na yeye akawa anazikagua kofia zangu kwa shavu.

Hatukujua kilichokuwa kikitendeka barabara ya Doonholm. Wehliye alipita huko kila siku kwenda kwenye zizi lake la mbuzi, na karibu na Kaloleni palikuwa na kizuizi. Aliyekisimamia alikuwa afisa kijana wa kizungu mwenye masharubu mekundu. Siku ya kwanza tu, magari ya mbele yalipungiwa mkono yapite, Wehliye akasimamishwa. Afisa alilizunguka gari. Alichuchumaa mbele ya madigadi. Alipitisha kidole gumba kwenye mlango kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akakitazama kile kidole. Halafu akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuamrisha wapishi, nani fundi wa gari hili.

Ili mtu aelewe jibu la Wehliye, lazima akumbuke siku zile. Hapakuwa na mtu mwenye akili aliyetaja jina la mwenziwe kwenye kizuizi. Ulitaja jina asubuhi ukidhani unajibu salamu, na jioni lori lilikuwa mlangoni kwa mwenye jina, na mkewe akabaki anauliza mitaani ni kambi gani. Tulikuwa tumejifunza hilo vizuri kuliko sala. Ukiulizwa jirani yako ni nani, ulikuwa huna jirani. Wehliye alipenda sana kumtaja Muhidin, na kwa sababu alimpenda, hakumtaja.

Alisema hamjui fundi. Alilinunua hivyo hivyo.

Kwa bahati mbaya, afisa yule alikuwa kwenye mnada wa Ruiru na alikuwa ameliona gari likiwa kijani na kuku wake. Akamwambia Wehliye kwamba anasema uongo. Akamweka kando ya barabara mpaka saa za chakula. Siku ya pili akamuuliza tena, Wehliye akakana tena, akakaa juani mpaka alasiri. Ikawa ndiyo desturi. Mbuzi walifika zizini hawakumkuta mwenyewe, wakauzwa na madalali kwa bei waliyojipangia. Naye hakutuambia neno. Alipokuja kwetu, tulimuuliza kama kuna mtu aliyelisifu gari, akasema watu wanalitazama sana.

Ni Okumu aliyetufungulia habari. Nyumba yake ilielekea barabarani, na kila akirudi kazini aliliona gari la komamanga limewekwa kando, na Wehliye amekaa kwenye ubao wake wa kukanyagia na leso kichwani. Alisogea siku moja karibu akasikia maswali. Alituambia yote akiwa amesimama, hakutaka hata chai.

Muhidin akauliza, "Na jina langu hakulitaja?"

"Hakulitaja," Okumu akasema.

"Alhamdulillahi," nikasema mimi.

"Alhamdulillahi," Muhidin naye akasema, lakini taratibu, kama mtu aliyepewa pole na hongera kwa pamoja na hajui aanze kuitika ipi. Miaka yote alitamani mtu aulize. Sasa alikuwa anaulizwa kila siku, na mzungu mwenyewe, na rafiki yake alikuwa anachomwa na jua ili mzungu asijibiwe.

Wehliye alipojua kwamba tumejua, alikuja akakaa akatazama chini. Alisema kwamba afisa ameanza kutishia kulichukua gari. Kwa fikra zake, na zetu sote, kosa lilikuwa dhahiri: Msomali wa mbuzi hana haki ya kukaa ndani ya kitu kizuri kama kile, na aliyempa kitu hicho lazima naye ni mhalifu. Tulilijadili barazani, na hata wazee wa msikitini hawakuona maana nyingine. Hapakuwa na hata mmoja wetu aliyewaza kwamba mzungu mwenye bunduki anaweza kuuliza fundi ni nani kwa sababu anataka kujua fundi ni nani.

"Ndugu yangu," Wehliye akamwambia Muhidin, "lifanye baya. Lifanye asiweze kulitazama."

Muhidin alikataa. Alisema mengine yote atayafanya, atakwenda mwenyewe kizuizini ajitaje, lakini hilo hapana. Tukamshika tusimwachie. Mwishowe akapata ujanja wa mtu aliyebanwa: alikoroga chokaa, majivu na uji mwepesi, akalipaka gari juu ya nta. Likapauka kama ukuta wa zamani. Wehliye akashukuru, akaondoka, na kizuizini alikuwa katikati ya msururu mvua iliponyesha.

Okumu aliyaona kwa macho yake. Uji ulichuruzika barabarani mweupe, na komamanga likatoka chini yake mbele ya afisa, limeoga, linametameta kuliko siku lilipozaliwa. Afisa alicheka kwa sauti, akapiga makofi. Wehliye alikijua kicheko hicho. Kilikuwa cha mtu aliyemshika mwizi na kuku mkononi. Safari hiyo alifungiwa usiku kucha, akarudi kwake siku ya pili yake, anatetemeka kwa baridi ya chumba cha saruji, na kifua chake hakikupona mpaka Ramadhani ikaisha.

Ndipo niliposema na mume wangu. Sikupiga kelele, na nadhani ndiyo sababu alinisikia.

"Yule mtu anakwenda kufa kwa kukuficha wewe," nilimwambia. "Wewe unamficha nani? Rangi?"

Alikwenda mtoni kuchukua mchanga.

Sasa, mtu mwingine angeliharibu gari kwa hasira, akamaliza kwa dakika chache. Muhidin hakuweza kufanya kazi mbaya hata alipofanya ubaya. Alilichakaza gari lile kwa uangalifu ule ule aliolipendezesha nao. Juu ya boneti, panapopigwa na jua, alipafifisha kwa mchanga na majivu mpaka pakawa na weupe wa ugonjwa. Milangoni alitia mikwaruzo ya pembe za mbuzi, na alikwenda kwanza kuwatazama mbuzi apate kimo chao. Kwenye kingo alipaka maji ya msumari wenye kutu, yakaacha madoa yaliyoonekana kama yamekuwapo tangu vita. Alipomaliza aliinama, akafumba macho, akalaza shavu lake pale juu. Alilipitisha lote. Lilipoinuka lilikuwa na damu, maana kila mahali palikwaruza.

"Ni sawasawa," akasema, akaingia ndani akalala. Nilikaa uani na gari lile nikalia peke yangu, na safari hii haikuwa kidogo.

Wehliye alipita kizuizini kesho yake. Afisa aliliona, akalisimamisha, akalitazama kama mtu aliyeonyeshwa maiti. Hakuuliza lolote. Alipanda gari lake la kazi akamfuata Wehliye nyuma mpaka Majengo, na Wehliye, maskini, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kukimbilia, akaja moja kwa moja kwetu.

Mtaa mzima ulifunga milango. Afisa alisimama uani peke yake, akavua kofia. Nilikuwa nyuma ya pazia na nilimwona uso: alikuwa na huzuni, mtoto wa watu. Alisema kwa Wehliye, na kwa milango yote iliyofungwa, kwamba ana gari la marehemu baba yake, la umri ule ule, limekufa rangi, na amezunguka Nairobi yote hapati mtu. Ana rafiki zake wenye magari ya namna hiyo. Kila mwaka huyaonyesha uwanjani mbele ya watu, na mbele ya kila gari husimamishwa kibao chenye jina la fundi. Alitaka kumpa yule fundi kazi hiyo yote. Miezi hiyo yote alikuwa akitaka jina tu.

Muhidin akatoka nje. Sikuwahi kumzuia.

"Mimi ndiye niliyeling'arisha," akasema.

Afisa akamtazama kuanzia miguu mpaka shavu lililochubuka. "Na nani naharibu?"

Ningependa kusema kwamba mume wangu alijua kudanganya.

"Mimi vilevile."

Afisa alipitisha kidole gumba kwenye mlango, mwanzo hadi mwisho, akakitazama. Kisha akatikisa kichwa. Alisema kwamba mtu aliyefanya ile kazi hawezi hata kwa kupigwa kufanya hii, na aliyefanya hii haifai hata aonyeshwe gari kwa mbali. Alimwambia Muhidin aache uongo, akavaa kofia yake, akaenda zake. Hakumsimamisha Wehliye tena hata siku moja.

Nikatoka nyuma ya pazia, tukabaki watatu uani. Wehliye alikuwa ameshika mlango wa gari kama mtu anayeogopa kuanguka.

"Fundi," akasema, "kumbe ningelikutaja."

"Ulifanya vyema," Muhidin akamjibu. "Na mimi nisingekutaja."

Ningeishia hapo kama maisha yangekuwa na adabu ya kuishia mahali pa kufaa. Lakini habari zilienea Islii kwamba Majengo kuna fundi ambaye gari likitoka mikononi mwake halisimamishwi. Wakaja. Alikuja mwenye duka la nguo na gari jipya la bluu, akaomba lizeeshwe. Walikuja wenye teksi. Alikuja mchuuzi wa ngozi aliyetaka mikwaruzo kama ya Mzee Wehliye, pembe kwa pembe. Muhidin alikodi banda kule Gikomba, akaajiri watu, na alikuwa mkali kwao, maana wengi walidhani kuharibu ni kazi rahisi. Nikaacha kushona kofia. Ikafika wakati ungesimama barabara ya Doonholm asubuhi ukatazama msururu wa magari yaliyochoka, yenye kutu, ya aibu, na nusu yake ilikuwa kazi ya mume wangu, na hakuna aliyekuwa akiuliza ni kazi ya nani. Huo ndio ulikuwa uhodari wake.

Lakini kila Ijumaa baada ya sala, Wehliye huja na gari lake bovu kwetu. Anasimamisha injini, na Muhidin anainua boneti. Wapita njia hudhani injini imelala tena, hutupa pole. Mimi huacha kazi yangu nikaenda, na vichwa vitatu vinainama chini ya boneti, kwenye ule upande wa ndani aliouacha kama ulivyokuwa. Komamanga liko pale. Naweka mtandio wangu sawa, kipini kinaonekana.

"Kazi ya nani hii?" Wehliye huuliza kwa sauti ndogo, kisha hujijibu mwenyewe. "Kazi ya Muhidin wa Majengo."

Halafu hutazama barabarani, kulia na kushoto, na hufunga boneti.